Daftari la Mwanetu Liko kwa Nani?

Mama anapomwandikisha mtoto darasa la kwanza hutoa mengi kuliko anavyodhani. Hutaja jina la mtoto, la baba na la babu, tarehe ya kuzaliwa, kitongoji, namba ya simu, na mtu wa kuitwa likitokea jambo. Akiulizwa kama mtoto ana ugonjwa wowote, anasema. Akiulizwa mtoto anaishi na nani, anasema pia, hata pale ambapo jibu lenyewe lina machozi ndani yake. Hakuna anayekataa kujibu, kwa maana anayeuliza ni mwalimu, na mwalimu tunamheshimu.

Kwetu Nambis, wilayani Mbulu, majibu hayo yalikuwa yakiandikwa kwa kalamu katika daftari kubwa, nalo likawekwa kabatini ofisini kwa mwalimu mkuu. Aliyetaka kulisoma ilimpasa aingie ofisini, aketi, aeleze shida yake. Kabati lilikuwa limechakaa, ni kweli, lakini ufunguo ulikuwa katika mfuko wa mtu mmoja tu. Daftari hilo lipo hata leo. Ila limepata wenzake: simu ya mwalimu wa darasa, kishikwambi, mifumo ya serikali, na lile kundi la wazazi la WhatsApp. Sisi akina mama tumekuwa tukiulizana, tukiwa shambani au tukitoka ibadani: sasa ufunguo uko kwa nani?

Tuseme mapema kwamba hatuvipingi vyombo hivi. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa walimu wa shule za umma nchini, na faida yake tumeiona. Baraza la Mitihani nalo lina mfumo wa kuandikisha wanafunzi wa shule za msingi, ambao humpa kila mtoto namba yake, akahama nayo shule hadi shule. Mwenzetu mmoja aliyemfuata mume wake Simanjiro na watoto watatu anakumbuka jinsi uhamisho wa zamani ulivyokuwa barua ya kubebwa mkononi, na barua ikilowa mvua mnarudi mlikotoka. Kumbukumbu za mtoto kufika salama anakohamia ni jambo jema. Shida yetu iko huku chini zaidi, katika simu ya mtu binafsi, ambako hakuna kabati wala ufunguo.

Katika shule moja wanakosoma baadhi ya watoto wetu (hatutaitaja, kwani shule nayo ina jina la kulindwa) alikuwapo mwalimu wa darasa la sita mwenye bidii kweli. Baada ya mtihani wa muhula aliandaa karatasi, akaipigia mistari kwa rula: jina la mwanafunzi, alama, nafasi aliyoshika, mahindi na maharage ya chakula cha mchana yaliyotolewa na yaliyobaki, namba ya simu ya mzazi, na mwisho kabisa nafasi ya maelezo. Humo aliandika maneno mafupi ya kumsaidia yeye mwenyewe kukumbuka. "Anaishi na bibi." "Mama kaondoka." "Mtoro siku za mnada." Na mbele ya jina la binti mmoja: "Anatumia dawa, aruhusiwe mapema." Akaipiga picha karatasi hiyo, akaituma kundini ili kila mzazi aone hali ya mwanawe. Alitumia vocha yake mwenyewe, na hilo tulikumbuke.

Kundi lile lilikuwa na wazazi, lakini walikuwamo pia shangazi na wajomba walioko Babati, Arusha na Dar es Salaam, ambao waliingizwa wakati wa mchango wa madawati na hawakutoka tena. Alikuwamo muuza vocha wa barabarani. Zilikuwamo namba ambazo hakuna aliyejua ni za nani. Kabla jua halijazama, mama wa yule binti alipigiwa simu na wifi yake wa Babati, akaulizwa mtoto anatumia dawa gani.

Binti ana kifafa. Majirani wa karibu walijua, maana wamewahi kumshika akianguka. Lakini wale wa kundini hawakujua, na mtu asiyejua ugonjwa hujitafutia wa kuusema. Msomaji mpenzi, unafahamu ni upi waliouchagua. Msichana wa miaka 12 alikaa nyumbani siku nne. Aliporudi alijikuta peke yake katika dawati la watu watatu. Mama yake hakugombana na mtu. Alitwambia tu kwamba ugonjwa ule alimweleza mwalimu wakiwa wamesimama wawili nyuma ya darasa, kwa ajili ya usalama wa mtoto akianguka, na kwamba hakujua maneno yale yatasomwa Dar es Salaam.

La pili lilikuja msimu wa kuuza vitunguu swaumu, wakati mikononi mwetu huwa na fedha kidogo. Mama mwingine alipigiwa simu na mwanamume mwenye sauti ya upole. Alimtaja mtoto kwa majina yote matatu, akataja darasa, akajua kwamba anaishi kwa bibi yake. Akasema mtoto ameanguka vibaya uwanjani, yuko njiani kupelekwa hospitali, na inatakiwa sh. 85,000 ya gari na vipimo, haraka. Mama akatuma. Saa tisa na nusu mtoto akatokea njiani na wenzake, mzima, anaimba.

Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" tunaujua wote, na siku hizi tunaucheka. Huyu hakuweza kucheka, kwa sababu mwizi alizungumza kama mtu wa shuleni. Hatuwezi kuapa kwamba aliyapata katika karatasi ile. Tunachojua ni kwamba kila alichokisema kilikuwamo, namba ya simu ya kumpigia ikiwa pembeni.

Hapo ndipo tulipoamua kwenda. Tulikwenda wanane, na mmoja wetu mwenye umri mkubwa akatuonya njiani kwamba atakayepaza sauti atarudishwa. Mwalimu mkuu alitupokea vizuri na kumwita mwalimu wa darasa. Mwalimu hakubisha. Alisema ana watoto 71 darasani, wazazi wengi hawaji vikaoni, na barua akimpa mtoto inaishia kuwa ndege ya karatasi. "Mama zangu, niwafikieje?" alituuliza. Swali hilo lilitunyamazisha, maana ni la haki. Tukasema tutakaa na kamati ya shule tulitafutie jibu, tusimwachie yeye peke yake.

Kikao cha kamati kilikuwa kirefu, nacho hakikuwa cha amani tangu mwanzo. Baba mmoja alisema sisi akina mama tunaleta mambo ya wazungu, kwamba Nambis kila mtu anamjua mwenzake na hakuna la kuficha. Tulikuwa tumejiandaa kwa hilo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya Tanzania, Na. 11 ya mwaka 2022, na ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume inayoisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Binti wa mmoja wetu, anayesoma chuo, alitusomea vifungu usiku kucha, nasi tukavigeuza kuwa maneno ya jikoni. Mtu akichukua habari zako aseme ni za kazi gani. Azitumie kwa kazi hiyo tu. Asichukue kuzidi zinazohitajika. Azitunze zisivuje. Nawe mwenye habari una haki ya kuziona na kuzisahihisha kama zimekosewa, na ukiumizwa una mahali pa kulalamika. Habari za afya, na habari zinazohusu watoto, sheria imeziweka katika fungu la taarifa nyeti, zinazotakiwa kuangaliwa zaidi. Hata bila sheria, mtu akiazima chumvi kwako kwa ajili ya mboga, hutegemei kuikuta inauzwa mnadani.

Baba yule alitikisa kichwa, kisha akasema neno jingine ambalo wengi waliliunga mkono: aibu inasaidia. Mtoto akionekana wa mwisho na ukoo mzima atajitahidi. Hapa tulisimama imara. Sisi tulisomewa nafasi zetu uwanjani mbele ya bendera, tunajua ladha yake. Wapo kati yetu walioacha shule kwa aibu hiyo hiyo, wala haikuwafanya wajue hesabu. Hata hivyo uwanja ule ulikuwa na mwisho. Shule ilifungwa, watu wakaenda kuvuna, mambo yakasahauliwa. Picha ya simu haisahau. Binti wa nafasi ya 71 ataikuta ikimsubiri akiwa kidato cha tatu, na siku ya posa pia.

Baraza la Mitihani lenyewe limeanza kulegeza jambo hili. Januari 2023, lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, liliacha desturi ya kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora. Tena katika matokeo ya kidato cha nne anayefungua huona namba ya mtahiniwa, jina halimo. Lakini matokeo ya darasa la saba ya mwaka huo huo wa 2022 yaliwekwa na majina: mtu yeyote alifungua mkoa, halmashauri, kisha shule, akasoma mtoto wa fulani amepata nini katika kila somo. Hatujaelewa ni kwa nini mtoto wa miaka 13 apewe stara ndogo kuliko kaka yake wa miaka 17. Huko Afrika Kusini suala kama hili lilifika mahakamani Pretoria mwezi Januari 2022, na matokeo ya kumaliza sekondari yakaruhusiwa kutangazwa kwa namba za mtihani bila majina. Mzazi anayetaka kujua ya mwanawe anaijua namba. Jirani haijui.

Kuna jambo moja lilitushangaza tulipokuwa tukizungumza. Kila mtu kikaoni aliijua kanuni ya simu shuleni: mwanafunzi haruhusiwi kuja na simu. Ipo, inafuatwa, na simu ikikamatwa inachukuliwa. Tukauliza, kanuni ya mtu mzima je? Mwalimu apige picha gani darasani? Mzazi asambaze nini cha mtoto wa mwenzake? Mgeni anayeleta msaada wa madaftari, na kamera yake shingoni, ameruhusiwa na nani kumpiga picha mtoto mwenye sare iliyochanika? Hakuna aliyekuwa na jibu. Tumemfunga mtoto mikono, na wakubwa tumejiachia.

Mwalimu mmoja kijana alitukumbusha upande wa pili, na alifanya vyema. Mwaka 2016 ilikuwa picha ya simu iliyoonyesha nchi nzima jinsi walimu walivyompiga mwanafunzi katika sekondari ya kutwa ya Mbeya. Bila picha ile huenda mambo yangeishia ofisini. Tulikubaliana naye. Tungependa simu ya namna hiyo iendelee kuwapo mtoto anapoumizwa. Tulichoongeza ni kwamba picha ya namna hiyo ipelekwe kwa anayeweza kumwokoa mtoto: mwalimu mkuu, ofisi ya kata, ustawi wa jamii, polisi. Ikizunguka katika kila simu, mtoto anapigwa mara ya pili na ya mia.

Na jirani zetu Kenya wamekwenda mbali zaidi. Wao wana sheria yao ya mwaka 2019, na Septemba 2023 ofisi inayoisimamia iliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kiasi hicho kilipotajwa kikaoni, hata yule baba aliketi sawasawa.

Kwa jibu la swali la mwalimu, "niwafikieje", tulianza na akina mama wenye vitochi. Katika mazungumzo ya simu na mitandao wenzetu hawa husahauliwa, nao ni wengi. Wapo bibi wanaolea wajukuu, ambao Kiiraqw ndicho wanachokisikia vizuri na Kiswahili cha kusoma ni kazi. Ujumbe wa shule ukiingia katika kitochi cha bibi, husomwa na kijana wa jirani. Basi jirani ndiye wa kwanza kujua mjukuu anadaiwa nini na amefeli nini, na bibi ni wa pili. Yeye alikuwa hana siri tangu zamani, ila hakuna aliyeliona kuwa tatizo mpaka lilipowafika wenye simu za kupangusa.

Kwa hiyo kamati ilirudi kwenye karatasi. Ijumaa ya mwisho ya muhula mzazi anakwenda mwenyewe, anapewa karatasi ya mwanawe peke yake, imekunjwa na kubanwa pini, na kama hawezi kusoma mwalimu anamsomea pembeni, kwa Kiiraqw ikibidi. Asiyefika anapigiwa simu, na kamati hutenga fedha kidogo ya vocha ili mwalimu asitoe mfukoni mwake. Kundi la wazazi limebaki, lakini ni la matangazo tu: kikao lini, mvua imebomoa nini, chanjo inakuja siku gani. Waliokuwa hawana mtoto shuleni waliombwa kutoka, na shangazi wawili wamekasirika mpaka leo. Madeni ya chakula hayaandikwi tena humo. Habari za ugonjwa na za nyumbani zimerudi katika daftari la kabatini, na mama akienda kumweleza mwalimu jambo la namna hiyo anauliza, bila kuona haya, "Litaandikwa wapi, na nani atalisoma?"

Tulidhani mahudhurio ya Ijumaa ile yatakuwa mabaya. Walikuja zaidi ya nusu mara ya kwanza, wengi wakiwa wameacha kazi za shamba. Akina baba walikuwa wachache. Mmoja wao alikaa muda mrefu chini ya mti akiishika karatasi ya mwanawe bila kuifungua, kisha akaenda nayo nyumbani vivyo hivyo.

Mwalimu aliifuta ile picha ya kwanza mbele yetu. Imebaki katika simu ngapi, hilo halifutiki kwa kikao. Mama aliyetuma sh. 85,000 alikwenda kutoa taarifa polisi, akapewa namba ya jalada, na fedha haijarudi. Yule binti sasa anaketi na rafiki yake wa zamani, aliyehamia mwenyewe dawati lile siku moja asubuhi bila kuambiwa na mtu. Tulipomwuliza mama yake kama tunaweza kuyasema haya katika gazeti, alikwenda kwanza kumwuliza binti. Binti akasema ndiyo, ila jina lisiwemo.

Lililobaki ni la picha. Mahafali ya darasa la saba yanakaribia, na mpiga picha wa mjini ameshaomba kazi. Wapo wazazi wanaotaka picha za watoto wao wakipokea cheti, na ni haki yao. Mama aliyemsomesha mtoto kwa kuuza maharage anataka kuiona siku hiyo ukutani kwake. Kamati imefungua ukurasa kwa wale wasiotaka mtoto wao apigwe picha peke yake au jina lake liandikwe chini ya picha. Mpaka Jumapili iliyopita walikuwa wameandikisha saba, na wawili kati yao ni akina baba.